Vichwa vya Samaki Nilivyovikata Guangzhou

Nimerudi wiki ya tatu sasa, na tangu nirudi sijamaliza kikombe cha kahawa kikiwa moto. Kila anayefika barazani ananiambia, "Ehe, Athmani, hebu tupe ya Uchina." Nikifika katikati anakuja mwingine, wa kwanza anamwambia, "Keti, ndio kwanza anaanza," nami nalazimika kuanza tena. Juu ya hayo Fundi Rama, anayeshonea suti nusu ya Majengo, ameshatangaza kwamba mimi ndiye nitakayewapikia wageni samaki wa Kigiriki kwenye harusi ya bintiye. Basi nimeamua kuandika. Mpeane karatasi hizi mmoja baada ya mwingine, msizimwagie kahawa. Na wewe Rama usome mpaka mwisho kabla hujanunua unga.

Mnanijua mimi si mtu wa safari. Nina miaka hamsini na miwili, na nje ya kisiwa hiki nimelala mara tatu, zote misibani. Lakini mnajua pia kwamba nilifanya kazi miaka saba kule Nyali kwa mjane wa Kigiriki, Bi Eleni, na mnakumbuka nilivyokuwa nikiwahadithia: kwamba Wagiriki hawana haja na samaki mkubwa, wanapenda wadogo wadogo kama dagaa; kwamba wengine wanawaviringisha kwenye unga, wanawakaanga kwa mafuta mengi na kuwakamulia ndimu; wengine wanawaloweka kwenye siki mpaka wawe weupe, kisha wanawatia thomu na mafuta ya zeituni. Mlinisikiliza midomo wazi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi mwenyewe katika nyumba ile nilikuwa nani, nami si mtu wa kumkatiza asiyeuliza.

Aliyesikiliza kuliko nyote ni mdogo wangu Mwanajuma. Yeye ana miaka sita Guangzhou, ananunua nguo kwa ajili ya maduka ya hapa, na miaka hiyo imemla magoti, maana maduka ya jumla ya kule yamepandana ghorofa juu ya ghorofa. Huko alimpata Mgiriki mmoja, Yanni, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye mkahawa wa meza nane karibu na barabara ya Guangyuan Xilu. Mpishi wake alikuwa amerudi kwao. Yanni alitaka mtu wa kuliendesha jiko, na sharti lake lilikuwa moja: ajue kupika samaki wadogo kama mama yake Yanni alivyowapika. Mengine yote, alisema, yanafundishika.

Mwanajuma akamwambia, "Kaka yangu amempikia Mgiriki miaka saba. Atakuja anifundishe." Wakapatana Jumamosi moja Yanni aje ale. Akiridhika, jiko ni la Mwanajuma. Asiporidhika, kuna mpishi mwingine anasubiri.

"Kaka," aliniambia kwa simu, "magoti yangu hayana msimu mwingine." Tiketi ilikuwa imeshakatwa.

Mombasa hadi Nairobi, pamoja na kikaango

Asubuhi ya kuondoka mke wangu Saumu alifungua begi langu, akachomeka kikaango chake cha chapati katikati ya kanzu, kile kizito cha chuma.

"Mpishi hasafiri mikono mitupu," akasema. Kisha akaketi kitandani. "Umeshamwambia Mwanajuma?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kwa Bi Eleni ulikuwa bawabu."

"Nitamwambia nikifika."

"Mwambie kwa simu. Kwa simu hawezi kukufikia kukupiga."

Naam. Kama hamkuamini rudini mistari miwili msome tena. Bawabu. Kibanda kilikuwa kwenye geti, jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, na katika miaka saba niliingia mle jikoni mara mbili, zote kusaidia kubeba mtungi wa gesi. Mpishi alikuwa Kahindi, mtu wa maneno machache, na mimi yale machache hakunipa.

Mtauliza, mapishi niliyajuaje? Bawabu huijua nyumba kwa kinachotoka. Taka nilikuwa nikizitoa mimi kila asubuhi, na ndani yake mlikuwa na maganda ya ndimu, maganda ya thomu, chupa tupu za siki, makopo ya mafuta ya zeituni, mifuko ya unga. Na mara nyingi alasiri Kahindi aliniletea bakuli la vichwa vya samaki wadogo niwape paka. Kwa taka hizo nilijijengea upishi mzima, kama wale wasomi wanaofukua vigae kule Gede kisha wanatuambia sultani alikula nini.

Kwenye treni niliketi mkabala na bwana mmoja wa miwani. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Guangzhou. Kufanya nini? Kufundisha upishi. Lilinitoka lenyewe. Kufika Voi behewa zima lilikuwa na habari, na kufika Mtito Andei mama mmoja alikuwa ameinama kando ya kiti changu ananiuliza kwa nini pilau yake hushika chini. Nikamwambia apunguze moto. Alinishukuru sana, hadi leo sijui kwa haki gani.

Uwanja wa ndege Nairobi, begi langu la mkononi lilipita kwenye ile mashine, likarudishwa, likapita tena, na afisa akalifungua.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kikaango."

"Unaweza kumuumiza mtu na hii."

"Sijawahi kumuumiza mtu. Mimi ni mpishi."

"Hata mpishi hakai na sufuria kwenye kiti. Rudi ukaipeleke na mizigo."

Mizigo nilikuwa nimeshaikabidhi. Nikarudi nyuma kwa kukimbia, kikaango mkononi, watu wakinipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nikiwa mikono mitupu. Aliyeniokoa ni mwanamke mmoja kwenye foleni, Wanjiku, mfanyabiashara wa Nairobi. Masanduku yake mawili yalikuwa hayana kitu.

"Leta hiyo kitu, mzae," akasema. "Mimi huenda China na masanduku tupu, ndiyo nirudi nayo yakiwa yamejaa. Hii itakuwa ya kwanza kwenda na kitu."

Angani, na mahali tulipokwama

Wanjiku akabadilishana kiti na kijana mmoja ili akae nami. Nadhani alikuwa amenihurumia.

"Unaendea bidhaa gani, mzae?"

"Sichukui kitu. Mimi napeleka."

"Watu wote hapa wanaenda kuchukua. Wewe unapelekea Mchina nini?"

"Ujuzi."

Alicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia kama mkanda umembana.

Tulipotua kubadilisha ndege kulikuwa na mvua ambayo sijaiona hata masika ya hapa kwetu, tukakaa pale uwanjani kutwa nzima. Chakula cha viwanja vya ndege ni mkate wenye kitu ndani. Nilikula wawili nikaona bora nife. Wanjiku akatoa kopo: omena za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, maana mumewe ni mtu wa Kisumu.

Yeye alikuwa akizichota kwa vidole na kutafuna zikiwa nzima. Mimi nikatandaza karatasi, nikachukua moja, nikavunja kichwa, nikakiweka kando; nikachukua ya pili, nikavunja kichwa. Saumu hutoa vichwa kwa sababu ni vichungu, na nimekula mkono wa Saumu miaka ishirini na sita.

Wanjiku akanitazama. "Buda, hiyo ni samaki ama unanyoa?"

"Kwetu kichwa hatuli."

"Utamaliza hiyo kopo Krismasi."

Nikamwambia watu wa ziwani wana haraka. Nikamweleza kwamba hata Wagiriki, ambao ndio mabingwa wa samaki wadogo, hutoa vichwa, mimi mwenyewe nimeviona kwa macho yangu, bakuli kwa bakuli. Akaniuliza Wagiriki walinionyesha lini. Nikajifanya nimelala, nikalala kweli.

Uwanja wa ndege hadi Guangyuan Xilu

Wanjiku alinirudishia kikaango, akaenda zake. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mwanajuma pale pale mlangoni, kabla ya salamu kupoa. Lakini alikuja akichechemea, vitambaa alivyofungia magoti vikionekana dera linapopanda, akanikumbatia akalia kidogo. Nikasema nitamwambia kwenye teksi. Kwenye teksi alipiga simu nne, na kila moja ilianza hivi: "Mpishi amefika." Ya tano alimpigia Yanni, akanipa simu.

"Papa Athmani," sauti ikasema, "karibu. Mama yangu alikufa miaka kumi na nane. Tangu hapo sijakula vizuri."

Mtu akikuambia hivyo unamjibu nini? Nilimwambia inshallah.

Guangyuan Xilu ni soko la Kongowea, ila la nguo, Kongowea kumi zilizopangwa juu kwa juu. Wapagazi wanakokota marobota wakipiga kelele moja fupi, na ukichelewa kuelewa, robota linakueleza. Mimi lilinieleza mara mbili. La pili lilipopita Mwanajuma alikuwa ameshanishika mkono kama mtoto, na mwenye duka la chini ya nyumba yao, ambaye wote wanamwita laobani, yaani bosi, alinikagua, akasema neno, akaninyooshea dole gumba.

"Anasema una tumbo la mpishi," Mwanajuma akanitafsiria.

Ushahidi wa kwanza niliowahi kupata, nao ulitoka kwa Mchina.

Mwanajuma anakaa chumba kimoja na mwanamke wa Kikongo, Maman Béa, anayenunua vitenge vya kupeleka Lubumbashi. Ni mwanamke mpana, mpole, anazungumza Kifaransa na simu na Kiswahili na watu. Kiswahili chao huweka *bi* mahali pengi tunapoweka *vi*, na *ba* tunapoweka *wa*, lakini mtu hapotei.

"Karibu Papa Athmani. Habari yako tuliisikia mingi," akasema, akaniletea glasi ya maji. Nikapiga funda, nikaruka. Yalikuwa ya moto. Kule maji ya kunywa ni ya moto, hata jua likiwa limekaa begani. "Pole," akasema. "Bantu ba huku banapika hata maji."

Nikamuuliza kwao hasa ni wapi. Akasema Kasenga, kwenye mto Luapula, mji wa samaki. Nikamwambia vizuri sana, nikaanza kumweleza habari za samaki. Nilimweleza karibu saa nzima. Alisikiliza yote, mikono mapajani, akawa anaitikia "ndiyo, Papa," "kumbe, Papa." Ninapoikumbuka saa ile natamani lile robota la kwanza lingefanya kazi yake sawasawa.

Shahe

Siku ya tatu Mwanajuma alikuwa na mzigo wa mwisho wa kununua Shahe, mahali pa nguo za bei ya chini. Nikaenda naye. Nilijiambia kwamba kwenye ghorofa ya kwanza nitamwambia.

Ghorofa ya kwanza kulikuwa na watu wengi. Ya pili alikuwa akibishana na mwenye duka aliyekuwa anarudia neno moja tu, "meyo, meyo," hakuna, huku suruali tunazozitaka zimetundikwa nyuma ya kichwa chake. Kumbe si kwamba hakuna, amechoka kuziteremsha. Mwanajuma akaketi sakafuni mbele ya duka lake na kunyoosha miguu. Yule mama alimwangalia magoti, akaangalia vitambaa, akaenda kuziteremsha suruali mwenyewe.

"Hiyo ndiyo mbinu yangu siku hizi," Mwanajuma akaniambia. "Zamani nilikuwa na lugha. Sasa nina magoti."

Ngazi za kwenda ya tatu alipanda akiwa ameshika ukuta, mguu mmoja, anapumzika, mguu wa pili. Kati ya ngazi akaketi juu ya robota la mtu. Akayasugua magoti, hakulalamika. Akasema tu, "Jumamosi, Kaka. Jikoni kwa Yanni hakuna ngazi. Nimehesabu. Hata kizingiti hakuna."

Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Nikaufunga. Mnaweza kuniita mnavyotaka, lakini mngekuwa mmekaa pale kwenye ngazi, nanyi mngeufunga.

Soko la samaki

Ijumaa tukaenda kununua. Sasa fahamuni jambo hili: mtu wa Guangzhou hamwamini samaki aliyelala. Soko zima ni beseni na mabomba ya hewa, samaki wanakuangalia, wanakurushia maji. Wewe unaonyesha kidole, muuzaji anamtoa akiwa bado na mipango yake. Samaki aliyewekwa kwenye barafu ameshashindwa mtihani.

Tukazunguka mpaka tukampata mama mmoja wa buti za mpira, pembeni ana trei za samaki wadogo: wengine urefu wa kidole, wembamba, mgongo wa buluu, wengine wadogo zaidi, wanaong'aa, nusu ya kidole changu cha mwisho. Mwanajuma akamwagiza kilo mbili za wale, tatu za hawa. Mama akauliza kitu. Mwanajuma akasita.

"Anauliza una bata wangapi."

"Mwambie ni za kuliwa na watu."

Akamwambia. Yule mama akanitazama kuanzia viatu. Akachota kilo zetu, kisha akaongeza konzi mbili bure, akasema neno la upole.

"Anasema nini?"

"Anasema hali itakuwa nzuri tu."

Jioni ile tukawashughulikia wale wa kidole, wa siki. Nikawaonyesha kwa mamlaka: unabana kichwa kwa dole gumba, unavuta, kinatoka na utumbo wake na mfupa wake. Niliwahi kuviona vichwa vile vikiwa na utumbo unaning'inia, ndiyo maana nikajua. Chumvi, siki mpaka wafunikwe, walale humo. Maman Béa alifanya nasi, mikono yake inakwenda mara mbili ya yangu.

Jumamosi, jikoni kwa Yanni

Asubuhi wale wa siki walikuwa weupe kama karatasi. Nilipowatia thomu na mafuta ya zeituni nikaonja mmoja, nikajishangaa. Nilianza kuamini kwamba pengine nilikuwa mpishi kweli na ni Kahindi aliyekuwa bawabu.

Zikabaki zile kilo tatu za wadogo, za kukaanga. Tukaketi jikoni kwa Yanni, watu watatu, beseni katikati.

Maman Béa akashika mmoja. "Papa Athmani, na hawa bichwa tunatosha?"

"Tunatoa."

"Hawa badogo?"

"Maman Béa, mimi nimekaa na Wagiriki miaka saba."

"Sawa, Papa. Wewe njo mupishi."

Basi tukakata. Jaribuni nyinyi kukata kichwa cha samaki anayelingana na msumari. Ukikibana vibaya unabaki na mkia. Saa ya kwanza tulikuwa tunazungumza, saa ya pili tukanyamaza, saa ya tatu Mwanajuma akaanza kuimba kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nilimwona Maman Béa akichota konzi chache za wazima na kuziweka kwenye sahani ya peke yake, akazifunika. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Za kula miye tu." Nikamwambia atapata kuharisha. Akasema, "Ndiyo, Papa."

Saa sita Yanni akafika. Mtu wa miaka sitini na kitu, tumbo mbele, miwani ya kusomea imening'inia kwa uzi. Akaketi peke yake kwenye meza, akafunga kitambaa shingoni kama anayenyolewa. Nikampelekea wa siki.

Akala mmoja. Akafumba macho. Akala wa pili, akapangusa mafuta kwa mkate. "Hii iko yenyewe," akasema. "Gavro ya siki. Hii ni ya mama." Nyuma yangu nilimsikia Mwanajuma akivuta pumzi.

Kisha nikampelekea wa kukaanga, sahani imejaa, wekundu wa dhahabu, ndimu pembeni. Yanni akachukua mmoja, akamgeuza. Akamrudisha. Akachukua mwingine. Akavaa miwani.

"Bichwa biko wapi?"

"Tumevitoa."

"Byote?"

"Vyote. Tumefanya kazi saa nne."

Akamtia mdomoni, akatafuna kidogo, maana hapakuwa na cha kutafuna. Walikuwa wamekauka kama makombo ya kaimati. "Huyu njo marida, anakuliwa muzima," akasema polepole. "Kichwa, mukia, byote. Mama alikuwa anasema, samaki kidogo ukimukata kichwa, unamukula nani? Hii haiko samaki. Hii iko mikia." Akakifungua kitambaa shingoni.

Mwanajuma alishika ukuta kama alivyoushika kwenye ngazi za Shahe.

Wakati huo kule jikoni mafuta yalikuwa yananguruma tena. Maman Béa akatokea na sahani ndogo. Samaki wake walikuwa na vichwa. Alikuwa amewashikanisha watano watano kwa mikia, akawabana kwenye unga, wakaingia mafutani wameshikana na kutoka wamefunguka kama upepeo. Sijapata kuona kitu kama kile hata kwenye taka. Akaweka sahani mezani, akarudi, akaja na kikaango cha Saumu: wale waliobaki alikuwa amewabonyeza na kitunguu kuwa duara moja kama chapati, limegeuzwa kwa kifuniko, pande zote mbili rangi moja.

Yanni akachukua upepeo mmoja kwa mikia, akauingiza mdomoni kuanzia vichwani. Ukalia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Akala wote. Akala ile chapati ya samaki nusu nzima. Hakufumba macho safari hii. Alikuwa anaangalia ukuta, na ukutani hapakuwa na kitu.

"Nani alipika hii?"

Mwanajuma akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile. Lilikuwa neno moja tu la kujibu, "mimi", na lile neno nimekuwa nikiwapa nyinyi barazani bure miaka yote hii. Maman Béa alikuwa anapangusa mikono, hakuinua macho. Asingenikanusha, nina hakika.

"Si mimi," nikasema. "Ni Maman Béa. Na kwa Bi Eleni sikuwa mpishi. Nilikuwa bawabu."

"Bawabu," Yanni akasema.

"Miaka saba."

"Na ile ya siki ulijua namna gani?"

Nikamweleza: taka, chupa, maganda, bakuli la vichwa, paka. Akasikiliza, kisha akasema, "Ile nyumba ilikuwa inatupa bichwa bya gavro. Na bya marida haukubiona, juu ya..."

"Kwa sababu vililiwa," nikamalizia.

Ndipo nilipoelewa. Miaka saba walikuwa wakila samaki ambao hawakubakisha hata mwiba, nami niliyeijua nyumba kwa taka zake sikuwahi kujua kama walikuwepo.

Yanni akamgeukia Maman Béa. "Na wewe ulijifunza wapi?"

"Kasenga. Mama yangu alikuwa anakaangia Bagiriki ba kuuzisha samaki. Miye nilikuwa nawasha moto."

"Juu ya nini haukusema?"

"Hakuna mutu aliniuliza," Maman Béa akasema. "Mupishi alitoka Mombasa na ndege."

Yanni akamwambia hapo hapo kwamba jiko ni lake. Mwanajuma akaanza kulivua aproni lake, taratibu, kama mtu anayevua asichotaka kuchana. Maman Béa akamshika mkono.

"Miye najua samaki," akamwambia Yanni. "Sijue kusemezana na bauzaji, sijue kupanga bantu, na Kichina yangu ni ya kununua kitenge. Huyu njo anajua. Akikuwa yeye, niko. Akikosa, sipo."

Yanni akatazama sahani tupu. "Basi muwe babili," akasema. "Lakini bichwa bikae."

Bakuli la vichwa nililipeleka kwa paka wa laobani. Siku ile ni paka peke yake aliyenipa pongezi.

Huangpu

Mwanajuma hakusema nami siku tatu. Si kwa kelele. Angenipakulia, angeniwekea maji ya moto yapoe, lakini neno hakuna. Maman Béa alikuwa akinipigia mfano: "Hata samaki, Papa, akikaa siku tatu kimya, tunamutupa. Ngoja, atasema."

Siku ya nne mzigo wa mwisho wa Mwanajuma ulikuwa unapelekwa bandarini Huangpu, akataka kuhakikisha na wakala. Nikamfuata. Tukasimama kwenye uzio tukiangalia makontena yanavyopangwa, na ndipo akasema, bila kugeuka:

"Miaka saba nimekuwa nikiringa nawe. Nikiwaambia watu, kaka yangu jikoni. Na wewe uko getini."

"Hukuniuliza."

"Usinijibu kama Béa. Béa ana haki."

Kisha akauliza, "Kazi yenyewe ulikuwa ukiifanya vizuri?"

"Ya geti? Naam. Kila mgeni nilimjua kwa jina na gari. Hakuna aliyeingia bila kusalimiwa."

Akafikiri. Kontena moja likapanda, likashuka. "Wateja wa Yanni wanaingia kama wanaingia sokoni," akasema. "Hakuna wa kuwapokea, hakuna wa kuwaambia meza ipi. Umebakisha siku ngapi?"

"Kumi."

"Basi kesho uvae ile kanzu nyeupe."

Hivyo ndivyo nilivyosafiri nusu ya dunia, nikalala viwanjani, nikagongwa na marobota, nikachukuliwa kuwa mfuga bata, ili nikakae mlangoni kwa Mgiriki. Siku kumi. Nilisema karibu kwa lugha nne, tatu nikiwa sizijui. Siku ya nane Yanni alinipitishia sahani pale mlangoni, upepeo mmoja wa samaki watano, nikaula wote kuanzia vichwani. Vichwa havina uchungu vikiiva sawasawa. Nimemwambia Saumu, hajaamini.

Kikaango chake kimebaki kule. Maman Béa alisema chapati ya samaki haitoki vizuri kwenye kingine, na Saumu ananidai maelezo kila tunapokula mkate. Mwanajuma anakaa kwenye kiti kirefu karibu na jiko, anapiga kelele kwa Kichina, hapandi ngazi yoyote.

Sasa Rama, umefika mwisho. Unga usinunue. Harusi ya binti yako nitakuja mapema, kabla ya wageni wote, na kanzu yangu nimeshaipiga pasi. Niwekee kiti mlangoni.